Njia ya kwa Bibi iliishia kwenye migomba

Kule juu Buhigwe kuna maporomoko ya maji ambayo Mama alikuwa anatusimulia tangu tuko wadogo pale Mwanga, Kigoma mjini, na kila akisimulia alikuwa anaanza na sauti. Anasema usiku wa kiangazi watu wakishalala ulikuwa unayasikia mpaka ndani ya nyumba, kama kuna mtu chumba cha pili anapepeta mchele. Yeye mwenyewe hayakumbuki. Alitoka kule akiwa mgongoni, meno hayajatimia mdomoni, hiyo sauti alisimuliwa na Bibi na Bibi tulishamzika zamani, kwa hiyo sisi tumeipata mkono wa tatu, ila mimi nimekua nayo kabisa, mpaka leo nikisikia jirani anapepeta mchele nawaza maji.

Mwezi wa saba uliopita nikasema basi, naenda.

Mtu ukimwambia maporomoko Kigoma atakutajia Kakombe kule hifadhi ya Gombe, na ana haki yake, Kakombe ni pazuri, nimefika mara mbili, unapanda na muongozaji kwenye njia inayojulikana, unaanza kusikia maji, unafika, unapiga picha. Ndiko Jane Goodall, yule mama mtafiti wa sokwe aliyeshuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, alikoona sokwe madume wakifika kwenye yale maji wanabadilika, nywele zinasimama, wanayumbayumba, wanarusha mawe, wanabembea kwenye kamba za msituni, halafu baadaye wanakaa wanayaangalia maji tu. Mimi hiyo habari naipenda kuliko zote za Gombe. Wengine watakutajia Igamba kwenye mto Malagarasi kwenye ule mradi wa umeme wa megawati 49.5. Haya ya kwetu huyakuti kwenye ramani yoyote niliyowahi kufungua, na hayana njia. Njia ilikuwepo, tena ya watu wengi, ila ilikufa, na nitasema ilikufaje maana hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Nilienda na mdogo wangu anayeishi Dar, alikuwa likizo. Tukapanda gari asubuhi, ukitoka mjini unapita Mwandiga halafu unashika lami ya Manyovu, na hiyo barabara kama hujawahi kuipita ni kupanda, kupanda, kupanda. Michikichi inapungua, migomba inazidi, kahawa inaanza kuonekana nyuma ya nyumba, na watu barabarani unaona wamebadilika mavazi, huku chini uliacha watu wako na fulana, kule watu wana makoti na kofia za sufu saa nne asubuhi. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na milima ya Buhigwe inapita mita 1,500, na kawaida ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita hivi, halafu huo ni mwezi wa saba, kipupwe chenyewe, usiku hakuna hata wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee juu, kwa hiyo alfajiri unatoka nje unakuta pumzi yako inafuka moshi. Mdogo wangu alikuja na jinzi, raba na sweta moja la pamba lenye kofia. Nikamwambia kuna baridi, akasema dada baridi gani Tanzania hii. Sikubishana naye. Nilitakiwa nibishane.

Mjomba tulimkuta amekaa jikoni kwenye moto. Tukampa shikamoo yake, tukampa migebuka tuliyombebea, akaifungua akainusa akacheka, akasema mmetoka ziwani kweli. Yeye ni kaka yake Mama, amepita miaka sitini, mwembamba, anatembea haraka kuliko wote. Nilipomwambia tumekuja kwenda kwenye maporomoko alinyamaza kidogo akachokonoa moto, akaniuliza, "Mama, mnaenda kufanya nini kule? Kule hakuna mtu."

Nikamwambia nataka kusikia ile sauti aliyokuwa anaisema Bibi.

Akasema haya, kesho. Akaniambia tena kwao hayo maji yanaitwa isumo tu, ni neno la maporomoko, kama Rusumo ile ya mpakani na Rwanda.

Usiku huo akatusimulia, tunakula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, moshi unatuchoma macho lakini hakuna aliyetaka kuondoka jikoni maana nyumba kubwa ilikuwa kama friji. Kwao hawakuwa wanaishi hapa barabarani. Walikuwa wanaishi kule bondeni, ng'ambo ya mgongo wa mlima, mji mmoja huku mwingine kule, kila mtu na migomba yake, wametawanyika. Operesheni Kigoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilianza mwaka 1972, halafu Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba mpaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi kwenye vijiji. Mjomba wakati huo alikuwa mtoto wa kama miaka kumi. Anasema waliambiwa mapema, wazee wakadhani ni maneno, kisha siku moja asubuhi watu wakaja, lori likasimama mbali kule juu maana bondeni halishuki, mkabeba mnachoweza kubeba kichwani mpaka kwenye lori. Bibi alikuwa na Mama mgongoni. Paa la nyumba likatolewa siku hiyo hiyo ili mtu asipate pa kurudi kulala. Mjomba hakulisema kwa hasira, alisema kama mtu anayehesabu vitu: walibeba hiki, waliacha hiki. Mbuzi walibeba. Jembe walibeba. Jiwe la kusagia waliliacha.

Na aliongeza kitu ambacho siwezi kukiacha, kwa sababu ni haki: huku barabarani alipata shule, na kliniki, na maji ya bomba yalikuja baadaye, na yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kurudi kuishi kule. Ila Bibi alitaka, mpaka anakufa alitaka.

Asubuhi tulitoka saa mbili. Mtu wa Dar anaweza kudhani saa mbili tumechelewa, lakini Kigoma sisi tuko magharibi kabisa na tunafuata saa ileile ya watu wa pwani, mwezi wa saba jua linachomoza saa moja imeshapita, na saa mbili ukungu ulikuwa bado umekalia migomba, huoni nyumba ya jirani. Majani yote yamelowa umande. Mjomba alivaa koti zito la mtumba, buti za mpira, panga mkononi, na kiroba mgongoni. Mimi nilikuwa na koti, kitenge begani, na chupa ya chai yenye uji wa moto ambao mke wa Mjomba alinilazimisha kubeba, namshukuru mpaka leo.

Mwanzo ni njia za mashambani, rahisi tu, unapita kwenye kahawa, maharage yameanikwa uani, unakutana na akina mama wanakwenda shamba wanasimama wanakusalimia kwa kupiga makofi taratibu kama Waha wanavyofanya, na wewe unasimama unaitikia vizuri, huwezi kupita tu. Njia ikaingia kwenye shamba la migomba la mtu wa mwisho. Ikaishia pale. Nyuma ya mgomba wa mwisho ni nyasi za kufika kifuani. Mjomba akasimama akaangalia, akasema hapa ndipo.

Tukapanda mgongo wa mlima kwenye nyasi, hakuna alama yoyote ya mguu, jinzi ya mdogo wangu ilikuwa imelowa mpaka mapajani kwa umande kabla hata hatujafika juu. Upepo kule juu unapita kwenye koti kana kwamba hujavaa. Ukungu ulivyofunguka tukaiona Burundi hiyo hapo, milima mingine na mingine, mashamba yamepigwa viraka, na simu ya mdogo wangu ikalia, ujumbe wa kumkaribisha Burundi, netiwaki ilikuwa imehama. Tukacheka. Yangu nilikuwa nimeizima kutunza chaji. Huo ujumbe tuliusahau palepale na ungetugharimu sana baadaye.

Kushuka upande wa pili ndiyo kazi. Pale juu ni nyasi na miti ya miyombo iliyoachana, unaona mbele, lakini kadiri unavyoshuka kuelekea mto msitu unakaza, mitambaazi ya miiba, magogo yaliyoanguka, na upupu. Mwezi wa saba upupu umeshakauka, yale maganda yake ya kahawia yenye manyoya yananing'inia tu yanasubiri upite, upepo ukivuma kidogo yanakumwagikia shingoni. Uliniwasha mpaka machozi. Mjomba akaniambia usijikune, usiguse, akachimba udongo wa chini wenye unyevu akanipaka shingo yote na mikono, ukakauka kidogo halafu akaubandua pamoja na vinyweleo vyake. Sio kwamba kulipoa mara moja, hapana, ila niliweza kutembea.

Nilimuuliza anajuaje pa kupita. Nilidhani atasema anakumbuka. Akasema hakumbuki njia, anakumbuka watu. Akanionyesha mkuyu mkubwa peke yake kwenye mteremko, akasema hapa palikuwa kwa fulani, mkuyu hauoti wenyewe hapa kwenye uwanja. Mbele zaidi tukakuta mstari wa minyaa imekuwa mirefu kama miti, imenyooka, na kitu kilichonyooka msituni kimepandwa na mtu. Hiyo ilikuwa ua. Yaani tulikuwa tunatembea kutoka mji wa mtu hadi mji wa mtu, nyumba hazipo, watu hawapo, lakini miti imebaki imekaa mahali pake inangoja, na katikati ya mji na mji ndipo njia ilipokuwa. Baada ya hapo na mimi nikaanza kuona. Nikawa nainua macho natafuta mti ambao haukutakiwa kuwa pale.

Kwa Bibi tulifika kama saa sita. Minyaa tena, nusu duara, Mjomba akaikata tawi moja lililozuia akatuambia turudi nyuma, ule utomvu mweupe ukikuingia jichoni unaweza kupofuka. Ndani ya ua ni vichaka tu. Alianza kuchomachoma chini kwa ncha ya panga, anapiga hatua, anachoma, anapiga hatua, hasemi anatafuta nini na sisi hatukuuliza. Ikagonga. Tukasikia chuma na jiwe.

Akapiga magoti akaanza kufukua majani yaliyooza kwa mikono. Lilikuwa jiwe pana kiasi cha ungo mdogo, jeusi, limezama nusu, na katikati lina bonde laini limechimbika, laini kama ndani ya bakuli la udongo, kwa mbele limeinama kidogo upande mmoja. Kumejaa maji meusi ya majani. Akayamwaga kwa kiganja, akapangusa na mkono wa koti lake, halafu akaweka kiganja ndani ya lile bonde akakiacha. Na mimi nikaweka. Lilikuwa baridi kama barafu. Ule upande ulioinama ni kwa sababu Bibi alikuwa anatumia zaidi mkono wa kushoto, Mjomba ndiye alisema, na mimi ni wa mkono wa kushoto, nyumbani nimesemwa sana kwa mkono huu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na Bibi alikuwa hivyo.

Tulikaa pale muda mrefu. Tulikaa kuliko tulivyopanga.

Kutoka pale mpaka kwenye maji hakuna namna ya kupita kando, msitu umefunga kabisa, unaingia mtoni na unapanda na mto wenyewe. Ni kijito tu, maji ya magotini, sehemu nyingine kiunoni, ila jua halifiki, juu miti imekutana kama dari, na yale maji yanatoka kwenye chemchemi za mlimani, dakika tano za kwanza miguu inauma mpaka kwenye mifupa, baada ya hapo haiumi tena na hapo ndipo unaanza kukanyaga vibaya kwa sababu huisikii. Mawe yana utelezi wa kijani. Mjomba alitukatia fimbo kila mtu, akasema mguu mmoja usiondoke mpaka fimbo na mguu mwingine vimeshika. Hatua mia moja zilituchukua kama nusu saa.

Halafu nikasikia.

Sio mngurumo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mngurumo kama wa Kakombe. Ilikuwa ni shaa, shaa, shaa, inakuja na kupungua kadiri upepo unavyogeuka, na mdogo wangu ambaye alikuwa mbele akageuka akaniangalia, midomo imeshakuwa ya bluu, akasema, "Dada, wanapepeta." Nililia pale mtoni, nasema ukweli. Bibi hakuongeza chumvi hata punje.

Tukapinda kona na yakawa pale. Kama mita 15 kwa kukadiria, sio makubwa, na kiangazi maji ni haba, lakini hayaanguki wima, yanateremka kwenye mwamba uliopangika ngazi ngazi nyembamba, yanagonga ngazi, yanarushwa, yanagonga nyingine, ndiyo maana sauti yake iko vile, ni punje nyingi zinaruka na kurudi kwenye ungo. Chini kuna dimbwi jeusi, na ukungu mwepesi wa maji unakulowanisha hata ukisimama mbali. Mjomba hakusogea. Alisimama juu ya jiwe amevua kofia.

Mdogo wangu alitaka kugusa mwamba. Akapita pembeni ya dimbwi, jiwe likamteleza, akazama mpaka kichwani.

Alitoka mwenyewe, dimbwi sio pana, anacheka hata. Akasema yuko sawa. Na mimi nilimwamini, hilo ndilo linaniuma, kwa sababu alikuwa anatetemeka na nikasema kutetemeka ni kawaida, nikaendelea kupiga picha. Sijui zilipita dakika ngapi. Mjomba ndiye aliyemwangalia vizuri, akamwambia, "Mjomba, funga kamba ya kiatu chako hicho." Akainama, vidole vikashindwa kushika kamba. Akajaribu tena. Halafu akaacha kutetemeka, akakaa chini kwenye jiwe akasema amechoka anataka kulala kidogo, na maneno yalikuwa yanatoka mazito kama mtu aliyelewa.

Baadaye nilikuja kusoma. Mwili wa mtu unakaa kwenye nyuzi 37 na ukishuka chini ya 35 hiyo tayari ni hatari, wataalamu wanaiita haipothemia, na haihitaji theluji, inahitaji nguo mbichi, upepo na muda. Maji yanakunyang'anya joto karibu mara 25 ya hewa yenye ubaridi uleule. Sweta la pamba na jinzi vikilowa vinashika maji na kukubana nayo, ni afadhali kuwa huna kitu. Na dalili mbaya sio kutetemeka, dalili mbaya ni kutetemeka kukikoma wakati mtu bado wa baridi, ulimi ukiwa mzito, mtu akiomba kulala. Yote hayo Mjomba hakuyasoma popote. Alisema tu, "Vua kila kitu. Mama, geuka huko, toa hicho kitenge na koti."

Tukamkausha na kitenge, tukamvisha koti langu, Mjomba akavua lake zito akamvisha juu yake na kofia, miguu tukaingiza kwenye kile kiroba. Mjomba akabaki na shati. Nikamshikia kikombe cha uji, ulikuwa bado wa moto, anakunywa kidogo kidogo maana mwanzo meno yalikuwa yanagonga kikombe, na nilifurahi yalipoanza kugonga, ina maana kutetemeka kumerudi. Moto ulikuwa shida, kila kuni iliyoko chini imelowa. Mjomba hakugusa hata moja ya chini. Alivunja vijiti vikavu vilivyokufa vikiwa bado vimeshikilia mtini, vyembamba kama njiti, vikubwa kama kidole, vikubwa kama mkono, akavipanga kwa ukubwa, kisha akatoa mfukoni kipande cha tairi la baiskeli urefu wa kidole, akakiwasha kwa kibiriti alichokifunga kwenye nailoni. Raba inawaka hata kwenye unyevu, moshi mweusi unanuka, lakini inawaka muda wa kutosha vijiti kushika. Hicho kipande cha tairi nimekiweka kwenye begi langu mpaka leo, kingine, sio kile.

Alipopata nguvu nikauliza saa. Akaangalia simu yake, ilikuwa kwenye kimfuko chake cha plastiki begini, haikulowa. Saa tisa na dakika arobaini. Mjomba akainua uso akaangalia mwanga kwenye ukingo wa mlima akasema hapana, jua limeshaegemea, tuondoke. Nikamwambia Mjomba bado mapema, apate moto kidogo. Akasema tuondoke. Hakupandisha sauti, alianza tu kuzima moto.

Sasa hiyo simu. Burundi wako nyuma yetu saa moja. Ile netiwaki ilipohama kule juu asubuhi saa nayo ikahama, halafu bondeni hakuna netiwaki yoyote kwa hiyo ikabaki na saa ya Burundi. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Tulikuja kujua tulipopanda mgongo wa mlima, simu ikashika mnara wa kwetu na saa ikaruka mbele ya macho yetu, na jua likiwa limekaa juu ya milima ya Burundi limebaki vidole viwili. Kama tungekaa zaidi kama nilivyoomba mimi, tungekuwa bado bondeni giza linaingia, na mtu ambaye bado hajapata joto vizuri.

Kurudi hatukupita mtoni chini, Mjomba alitupandisha kwenye mteremko palepale, akifyeka, mpaka kwenye minyaa ya Bibi, halafu mkuyu, halafu nyasi. Mdogo wangu tulimweka katikati na tulimlazimisha aongee njia nzima, akinyamaza namuuliza swali, nilimuuliza majina ya walimu wake wote wa shule ya msingi. Jua la kwetu Kigoma linachelewa kuzama, saa moja jioni bado kuna mwanga, na huo ndio ulitufikisha kwenye migomba ya mtu wa mwisho. Kutoka pale tochi. Mke wa Mjomba alikuwa amesimama nje na karabai. Hakusema kitu, alimshika tu mdogo wangu mikono akamvuta jikoni kwenye moto.

Mama nilimpigia siku ya pili. Nilikuwa nimepanga nimwambie kuhusu sauti, nimerekodi kwenye simu dakika mbili nzima nimchezee. Nikamwambia Mama tumefika. Akanyamaza. Swali lake la kwanza halikuwa maji. Aliniuliza, "Jiwe mmelikuta?"

Nikamwambia tumelikuta, limeinama upande mmoja. Akasema ndiyo, upande wa kushoto. Kumbe anajua. Akanisimulia kitu ambacho hakuwahi, kwamba huku kijijini Bibi alikuwa anaazima jiwe la jirani kusaga, kila jioni anakwenda kuomba na bakuli lake la mtama, miaka na miaka, mpaka mashine ya kusaga ilipokuja, na ilipokuja alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Halafu ndiyo akaniomba nimchezee ile sauti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema rudia.

Anataka kwenda. Magoti yake sio mazima, mtoni hawezi kupita, na nilimwambia hivyo, na Mjomba nilimwambia hivyohivyo kwenye simu nikidhani atanisaidia kumkataza. Mjomba akasema sawa, nimesikia. Jumamosi iliyofuata alichukua panga akaenda peke yake, akaanzia pale kwenye mgomba wa mwisho. Kila Jumamosi anakwenda, anafyeka kidogo, anarudi kabla jua halijaegemea, akifika nyumbani ananipigia. Jana kapiga tena, anahema, nasikia kuku nyuma yake.

"Mama," akaniambia, "leo nimefika kwenye mkuyu."